Jina la Mtoto wa Tumpe

Nawategea mtego ambao mwenyewe nimeshindwa kuutegua.

Katika chuo kimoja cha nyanda za juu walikuwako watu watatu wenye kazi moja: kukusanya tafiti zote kuhusu kipimo cha homa kali ya watoto, kuzichuja, kuzijumlisha, kisha kuwaambia matabibu wakiamini au wasikiamini. Lusekelo alikuwa na jicho. Utafiti haukujificha akaukosa. Atupakisye alikuwa na shaka. Hata salamu aliipima kabla ya kuitikia. Gwamaka, mkuu wao, alikuwa na kauli. Akiandika, nchi inasikia.

Na nchi ilisikia alipoandika: "Kipimo kikisema hapana, ni hapana."

Tumpe, muuza viazi, alimpeleka hospitali mwanawe mchanga, Tuntufye, akiwaka homa. Kipimo kikasema hapana, si ile homa kali. Wakarudishwa nyumbani. Tumpe alimzika mwanawe kabla viazi havijatoa maua.

Miaka ikapita, andiko likabaki vilevile. Ndipo Lusekelo, bila kutumwa, akarudi kutafuta. Akapata utafiti mpya kutoka hospitali ndogo ya mpakani: kwa wachanga, kipimo kiliziruka homa nyingi.

"Mmoja tu," Gwamaka akasema. "Mmoja dhidi ya rundo la tafiti."

Atupakisye akalifungua rundo. Akakuta tafiti mbili katika majarida mawili, lakini watoto ni walewale, kijiji kilekile, msimu uleule.

"Kaka, watoto hawa tuliwahesabu mara mbili. Sifa ya kipimo tuliipika wenyewe."

"Shaka zako zitakunyima mume, dada."

"Na uhakika wako utawanyima wenzetu watoto."

Wakubwa walimwonya Gwamaka: ukijikana, cheo huna. Akaandika: "Nilikosea. Kwa mtoto mchanga, hapana ya kipimo isiaminiwe." Cheo kikaenda.

Tumpe akajaliwa mtoto mwingine. Naye, angali mchanga, akashikwa na homa, na kipimo kikasema hapana ileile. Tumpe akaanza kulia. Lakini tabibu alikuwa amesoma andiko jipya. "Mama, leo huondoki hapa," akasema, akamtibu mtoto, akapona.

Kwao Tumpe, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemrudisha. Jina moja, basi. Tabibu akakataa lisiwe lake: aliyemrudisha ni andiko la chuoni. Tumpe akapanda huko, mtoto mgongoni.

"Ni nani kati yenu?"

"Bila mimi wangekuwa wamelala hadi leo," Lusekelo akasema.

"Ukaleta utafiti mmoja, ukazomewa," Atupakisye akamjibu. "Rundo nililibomoa mimi. Ila, mama, bila kalamu ya Gwamaka tungebaki tunanong'ona."

Gwamaka hakuinua uso. "Mimi usinipe. Ile hapana ya kwanza niliiandika mimi."

Tumpe akashika miguu ya mtoto mgongoni, akaibana kama inayotaka kuporwa. Aliyeandika kifo ndiye aliyeandika uzima, na uzima umemgharimu.

Kesho ukoo unakutana kumpa mtoto jina. Tumpe anashuka mlima na majina matatu mdomoni, na la nne, Tuntufye, ambalo mwenyewe haitikii tena.

Nawe uliyenisikiliza, mtoto huyu ungemwita nani?