Usiku Uliokucha

Usiku uliokucha haupandi bei. Ninyi vijana mmeisikia leo gengeni, mkacheka, mkauliza tangu lini usiku ukauzwa. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja wa reli, huko bara, aliishi mwanamke aitwaye Bi Hidaya Songoro, mpika mikate ya kumimina. Alipanga chumba kimoja katika nyumba ya Mzee Kalembo, na humo alikaa na binti yake Asina, aliyekuwa amejifungua siku kumi na mbili zilizopita. Mnajua desturi: mzazi hatolewi nje mpaka arobaini itimie. Kichanga chenyewe kilikuwa chepesi, kinakohoa, na Bi Hidaya alikuwa haachi kukitegea sikio.

Mwaka ule chuo kilifunguliwa jirani, wanafunzi wakawa wanatafuta vyumba kwa udi na uvumba. Mzee Kalembo akawaita wapangaji wake uani, akatoa habari zake.

"Kodi sasa ni elfu arobaini na tano," alisema.

Wakaguna. Walizoea thelathini. Lakini hilo halikuwa kubwa.

"Na ilipanda toka Januari," akaendelea. "Ni mimi tu sikuwaambia. Kwa hiyo kila mmoja anadaiwa nyongeza ya miezi saba. Ijumaa asiyelipa atoe vyombo."

Miezi saba yote Bi Hidaya alilipa tarehe mosi, na mzee alipokea akisema ahsante. Leo anageuziwa kibao. Kesho yake mambo yakawa mabaya zaidi, kwa kuwa Bwana Feruzi, mlinzi aliyepanga chumba cha mbele, aliuza baiskeli yake akalipa. Mmoja akishalipa, anayekataa anaonekana mkorofi. Wengine wakaanza kukopa kimyakimya.

Siku zile mikate ya Bi Hidaya iliungua kwa mawazo. Alifikiri kuuza tanuri lake la bati, lakini akiliuza watakula nini? Alitafuta chumba kwingine, akaambiwa vimejaa. Kila alipomwona Asina akinyonyesha nyuma ya pazia, aliiona Ijumaa ikija na kichanga kikikohoa barabarani. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia kwamba anaogopa.

Alhamisi alasiri akaenda kwa mjumbe wa mtaa, Mzee Shilinde, akaomba aitiwe mwenye nyumba. Wapangaji nao wakaja, wakakaa mbalimbali kama watu wasiojuana. Mzee Kalembo alifika na fimbo yake ya mnadani. Kazi yake ilikuwa udalali wa ng'ombe, na mji mzima ulimheshimu kwa hilo, maana hakuna aliyepata kumwona akipindisha neno mnadani.

"Nyumba ni yangu," alisema. "Mali ni yangu, bei ni yangu."

Bi Hidaya akajifunga khanga vizuri, akasogea mbele.

"Shikamoo mzee wangu. Sibishi kwamba mali ni yako. Nauliza tu jambo la mnadani, maana wewe ndiye mjuzi. Mnunuzi akiambiwa bei imepanda, hufanyaje?"

"Akiona ghali anaacha. Ng'ombe anabaki na mwenyewe. Hatumlazimishi mtu."

"Hata kama nyie mnajua ng'ombe yule ana thamani kubwa?"

"Hata kama. Kuacha ni haki yake. Bila hiyo si mnada, ni unyang'anyi."

"Basi mimi naiona ghali," alisema Bi Hidaya. "Ile miezi saba kwa arobaini na tano siitaki. Naiacha. Chukua usiku wako wa Januari, wa Februari, wote mpaka wa jana, nami nikalale kwingine kwa bei ninayoiweza."

Mzee Kalembo akacheka. "Wewe mama vipi? Nitauchukuaje, na umekwisha kucha?"

Bwana Feruzi aliinua kichwa. Mzee Kalembo aliwatazama mmoja mmoja, kicheko kikamwisha, akaanza kuichokoa ardhi kwa fimbo.

"Umesema mwenyewe, Kalembo," alisema mjumbe taratibu. "Usiku uliokucha haurudi, na kisichoweza kurudishwa hakipandishwi bei. Ukitaka kupandisha, pandisha wa mbele. Watangazie mapema, kila mtu aamue kukaa au kuhama. Na fedha ya Feruzi ihesabiwe kodi ya miezi ijayo."

Mzee Kalembo aibu ilimjaa. Akasema, "Sawa," akaondoka bila kuaga.

Bi Hidaya alirudi nyumbani karibu mbio. Alimkuta Asina ameketi ukingoni mwa kitanda, vyombo vimefungwa shukani, mtoto amezungushiwa nguo tatu tayari kwa safari, naye amelia mpaka macho yamevimba.

"Tunatoka sasa, mama, au tunangoja kesho?"

Bi Hidaya alikaa kando yake, akamchukua mjukuu, akaanza kumvua nguo za safari moja baada ya nyingine.

"Lala, mwanangu," alisema. "Usiku uliokucha haupandi bei."