Kola Nyeupe Pepe

Wahenga walituambia kuwa nyani haoni kundule. Aibu ya mwenzio huiona ingali mbali, lakini ile uliyoikalia mwenyewe huijui mpaka uonyeshwe.

Mpiga picha mmoja alibandikwa jina la Jicho, nalo likamkaa. Kwa miaka mingi alipiga picha za watu wanaoumizwa na kazi: wapasua kokoto, wabeba magunia, wachoma mkaa. Yeye mwenyewe alikuwa mtanashati wa kupindukia, hata shangazi aliyemlea akamtania kwamba inzi akitua shingoni mwake atateleza.

Siku ya maonyesho yake makubwa ukumbi ulifurika pomoni. Wengi walisema tuzo ya mwaka haina mwenyewe mwingine. Picha iliyowakusanya ilijaza ukuta mzima: mikono ya dobi ndani ya beseni, imechunwa na dawa ya kung'arisha nguo hadi nyama ikaonekana. Dobi mwenyewe, mama wa makamo, alialikwa, akasimama pembeni mikono ameifunika kwa mtandio.

Jicho akahutubia. Akataka wenye nguo zile watafutwe na waaibishwe hadharani. Watu wakapiga makofi, isipokuwa shangazi. Alikuwa ameisogelea picha, akiitazama kola ya shati lililolowekwa. Ndani yake palikuwa na mshono wa uzi mwekundu na wa kijani, alama ambayo dobi huweka ili nguo za wateja zisichanganyike. Shangazi aliijua, maana yeye ndiye aliyekuwa akipeleka nguo za Jicho kwenye duka la kufulia na kuzichukua. Akamwendea Jicho, akaigeuza kola ya shati alilovaa. Uzi mwekundu, uzi wa kijani.

Jicho akamwuliza dobi kwa nini hakumwambia siku ile ya picha.

"Ulipoinama na kamera niliiona alama yangu shingoni mwako," dobi akasema. "Nikadhani unajua, mwanangu. Hilo shati la kwenye beseni ni lako pia. Lilirudishwa mara mbili, eti kola haijatakata, basi nikaongeza dawa."

Shangazi akainamisha kichwa, kwani ni yeye aliyelirudisha. Lakini aliyemtuma alikuwa amesimama pale, na alikumbuka vizuri alivyofoka. Kisha waandishi wa habari wakaigeuzia migongo picha ya ukutani, wakamwelekezea yeye kamera. Jicho akajiziba uso kwa mikono yake laini, isiyo na hata mkwaruzo, nao wakaipiga picha mikono hiyo.

Kweli, nyani haoni kundule.