Nani Aliyeyaficha Maungio?

Sogeeni karibu, na kwanza mshike majina, kwa sababu asiyeyashika majina hawezi kuhukumu.

Marehemu Makame Hatibu, fundi baiskeli wa mtaa wa Chuda mjini Tanga, aliacha mjane, Bi Saumu binti Mbaruku, na watoto watatu. Wa kwanza ni Hatibu Makame, seremala, aliyepewa jina la babu yake. Huyu alijaliwa jicho: akiitazama meza kwa mbali atakwambia mguu upi umezidi. Wa pili ni Mwanaidi Makame, mshonaji, aliyejaliwa subira ya kazi, ingawa si subira ya maneno. Wa tatu ni Kombo Makame, fundi saa, wala msimchanganye na Kombo Faki wa duka la mafuta ya taa. Huyu alijaliwa vidole vyepesi.

Nyumba yao ina chumba kimoja tu kinachofunguka barabarani. Hatibu alikitaka aonyeshe makabati yake. Kombo alikitaka kwa sababu ya mwanga. Mwanaidi alikuwa akishonea ushorobani, kwenye mlango wa jikoni, na wiki ile alikuwa amerudishiwa gauni la arusi kwa kuwa lilinuka moshi wa samaki. Mwenye gauni alilitupa juu ya cherehani mbele ya majirani. Mwanaidi hakulala kwa hasira.

Idi ilipokaribia, Bi Saumu aliwaita.

"Nataka chumba cha mbele kibandikwe karatasi za ukutani. Fanyeni kazi wote. Siku ya Idi, wageni wasipoona pale karatasi moja inapokutana na nyingine, chumba nitampa yule ambaye kazi ni yake. Mmoja tu. Sitaki chumba cha ubia."

Mwanaidi alianza na ukuta. Ulikuwa wa chokaa ya zamani, ukiushika unabaki na unga mkononi. Aliukwangua, akaupiga msasa, akaufuta, kisha akaupaka gundi nyepesi ili unga ule ushikane. Hatibu alisimama mlangoni akicheka.

"Unauogesha ukuta, Mwanaidi? Utauvisha na kanga?"

"Cheka tu, kaka. Gundi ikishika unga badala ya ukuta, pembe zitainuka zote, nawe ndiye utakayeaibika."

Hata karatasi zilipokatwa hakumruhusu Hatibu azibandike papo hapo. Alizipaka gundi, akazikunja uso wa gundi kwa uso wa gundi, akaziacha mezani. "Zikinywa gundi hutanuka," alisema. "Zitanukie hapa. Zikitanukia ukutani zitasukumana kwenye maungio."

Kisha Hatibu akashika zamu. Alisoma namba iliyopigwa kwenye kila roli ya karatasi, na moja ilipotofautiana na wenzake aliirudisha dukani, kwa kuwa rangi yake ingepishana kidogo na nyingine. Muuza duka alimwita mkorofi; Hatibu hakutoka mpaka alipobadilishiwa. Aliteremsha timazi, uzi wenye kitu kizito chini, akaufuata kuchora mstari ulionyooka, akabandika karatasi ya kwanza juu yake. Nyingine zote alizikutanisha ukingo kwa ukingo bila kupandana, ua kwa ua, jani kwa jani. Alipomaliza, hata Mwanaidi alisogea kuyatafuta maungio, asiyaone.

Kombo hakuwa ameshika hata brashi. "Nikihitajika mtaniita," alisema, akarudi kwenye saa zake. Mwanaidi alimtazama kwa jicho baya.

Basi mkesha wa Idi, Bi Saumu, kwa furaha yake, aliwasha makaa, akatia udi kwenye chetezo, akakiweka chini ya ukuta ule mbichi, akafunga madirisha na mlango ili harufu isipotee. Hivyo ndivyo alivyofanya kila Idi tangu alipoolewa. Mwanaidi alipofungua mlango alikuta maungio yamekauka kwa joto na kujikunja kama magamba, na weupe wa chokaa unachungulia katikati.

"Mama! Umeukaanga ukuta!"

"Unamwambia nani hivyo?"

"Nakwambia wewe, mama! Mikono imenichubuka, nawe unakuja na makaa?"

"Chunga ulimi wako, Mwanaidi binti Makame! Nyumba isiyofukizwa naifungulia wageni mimi?"

Hatibu alipiga teke ndoo ya gundi, akatoka nje. Kombo akaingia na kibrashi chake cha kusafishia saa. Alilowesha kila ukingo kwa kitambaa mpaka ukalainika, akapenyeza gundi chini yake, akaukandamiza polepole kwa mgongo wa kijiko, akafuta gundi iliyotoka kabla haijakauka. Palipobaki ufa mweupe alipaka chai ya rangi iliyokolea, mpaka weupe ukafanana na karatasi. Aliinuka mgongo umemkakamaa.

Siku ya Idi, mgeni mmoja alipitisha ukucha ukutani akitafuta maungio, hakuyaona. Wageni walipoondoka, moto ukawaka.

"Bila ukuta wangu mngebandika juu ya vumbi!" alisema Mwanaidi. "Kombo angeshikisha nini kwa kijiko chake?"

"Na bila jicho langu," alisema Hatibu, "mngekuwa na maua yaliyokatwa vichwa. Hakuna kijiko cha kutibu hilo."

Kombo alicheka kwa uchungu. "Kazi zenu zote mbili zilikuwa zinaning'inia kama ngozi ya mbuzi. Wageni wangeona nini leo?"

"Zilining'inia kwa sababu ya mama, si yetu!" Mwanaidi alifoka. "Asingewasha makaa, wewe ungekuwa na lipi la kudai?"

Bi Saumu alisimama. "Kwa hiyo mimi ndiye mkosa? Katika nyumba ya mume wangu, siku ya Idi?" Alikifunga chumba, akachomoa ufunguo. "Nilisema mmoja, na atakuwa mmoja. Lakini sasa nimekasirika, sitahukumu."

Mwanaidi alirudi ushorobani. Jikoni samaki walikuwa wanakaangwa. Aliivuta cherehani mbali na mlango, ikagonga ukuta. Haikuwa na pa kwenda tena.

Haya, ninyi mlioketi hapa, majina mnayo. Kuna aliyeufanya ukuta ushike, kuna aliyezikutanisha karatasi, na kuna aliyeziponya. Mama amekataa kusema. Ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani? Na wale wawili uliowanyima, ungewatazama usoni ukawaambia nini?