Bi Digidigi na Foleni ya Bustani ya Bembea

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na masufuria, na majirani wa kuwasema, foleni nazo zilikuwepo. Msidhani zimeanza juzi! Zilikuwepo, tena ndefu, tena za kuudhi kama hizi hizi zenu.

Sogeeni basi nisimulie, na mnivumilie nikipandisha sauti, maana jambo hili mpaka leo sijalisamehe.

Katikati ya nyika palikuwa na Bustani ya Bembea. Ndani yake kulikuwa na mtelezo wa matope laini, kulikuwa na kamba za kurukia, lakini kilichowatoa watoto udenda ni gurudumu. Gurudumu kubwa la miti, limetundikwa vikapu kumi na viwili. Twiga akilisukuma kwa kifua, linazunguka wiiiuu! mpaka juu ya vilele vya migunga, kisha linashuka na matumbo yenu mnayaacha kule juu.

Bustani ilifunguliwa siku za sikukuu tu. Na ilikuwa na lango moja. Moja! Nyika nzima, lango moja. Nani alipanga hivyo? Msiniulize mimi, muulizeni aliyepanga.

Langoni alikaa Bwana Nungunungu na daftari la wageni. Kila mgeni lazima aandikwe: jina, ukoo, anakotoka, sababu ya kuja. Kalamu aliziota mwenyewe mgongoni. Akitaka kuandika, anajing'oa mwiba, pwacha! Analia, "Uuwi!" Anauchovya kwenye maji ya zambarau, ndipo anaandika, taratibu, ulimi nje. Jua likigusa kilima, anafunga daftari, pap! Uwe umefika au hujafika.

Sasa, kwenye foleni hiyo alisimama Bi Digidigi na binti yake, Chiku.

Bi Digidigi mnamfahamu. Miguu kama vijiti, macho makubwa, na mdomo usiokubali kushindwa. Siku hiyo miguu yake haikutulia hata kidogo. Tiki tiki, tiki tiki, anakanyaga palepale.

Alikuwa na haki ya kutotulia. Chini ya gurudumu palisimikwa fimbo yenye mstari mwekundu. Mtoto aliyeupita mstari hapandi, maana kamba za vikapu zingekatika. Bi Digidigi alichora mstari wa urefu uleule kwenye mwimo wa mlango wake, akawa anampima Chiku. Sikukuu ya kwanza, shubiri nzima chini ya mstari. Wakapanga foleni, hawakufika, lango likafungwa. Sikukuu ya pili, vidole vinne. Lango likafungwa. Ya tatu, kidole kimoja. Pap!

Asubuhi ya sikukuu ya nne alimpima tena. Unywele mmoja.

Mnaelewa? Mtoto alikuwa anakua haraka kuliko foleni inavyosogea!

"Mama, tumesogea?" Chiku aliuliza.

"Tumesogea."

"Mbona kichuguu ni kilekile?"

"Usinyooshe shingo! Kaa chini, usije ukarefuka."

Na kwa nini foleni haikusogea? Kwa sababu ya nungunungu na miiba yake? Kidogo. Kwa sababu ya wakubwa? Hapo ndipo penyewe.

Asubuhi alikuja Mzee Nyati, akapita pembeni, akawakanyaga watu vivuli, akasimama mbele kabisa. "Wakubwa kwanza!" akanguruma.

Wakubwa kwanza. Imeandikwa wapi? Nitajieni ukurasa.

"Jina?" aliuliza Nungunungu.

"Mzee Nyati wa Nyati, Mfunguzi wa Njia, Mlezi wa Tope la Kaskazini, Mwenyekiti Mstaafu wa Kamati ya Majani..."

Pwacha! "Uuwi!" Mwiba wa pili. Pwacha! "Uuwi!" Wa tatu.

"Sababu ya kuja?"

"Kuteleza kwenye mato... Ah! Andika ziara ya kikazi."

Nyuma yake wakaingia shemeji zake kumi na mmoja, ambao eti alikuwa amewashikia nafasi. Kila shemeji na vyeo vyake. Jua likapanda utosini, likaanza kuteremka upande wa pili. Watu wadogo wamesimama. Mama Pimbi na wanawe, Nguchiro, Kanga, Sungura, Kobe, wote wanapepewa na vumbi.

Mara, gudu! gudu! gudu! Ardhi ikatikisika. Wakaja watatu kwa mpigo: Mzee Kifaru, Bi Kiboko, na nyuma yao Mzee Tembo na ukoo wake wa watu arobaini.

"Wakubwa kwanza!"

Chiku akaanza kulia. Si kilio cha kelele. Kile cha kimyakimya, kinachomkata mama maini.

"Mama Pimbi, jirani yangu," alisema Bi Digidigi, "nishikie mtoto na nafasi. Nakwenda kuzungumza."

"Na wale? Shoga, watakukanyaga ubaki alama!"

"Wakubwa hawakanyagi anayewasifu."

Akapenya katikati ya miguu, tiki tiki tiki, mpaka mbele, ambako Kifaru alikuwa ameshaandikwa jina.

"Shikamoo, Mzee Kifaru!"

"Marahaba. Rudi nyuma."

"Narudi, baba, narudi. Nimekuja kukupa pole tu."

"Pole ya nini?"

"Si hivi ulivyoshushwa cheo."

"Nani kashushwa?" Kifaru alifoka, mavumbi yakamtoka puani. "Mimi?"

"Basi nimekosea, baba. Nimekuona mbele kabisa, umewahi, nikajisemea: maskini, kumbe siku hizi mzee ndiye mpanga viti."

"Mpanga viti!"

"Hebu nisaidie, mzee wangu, mimi mdogo sijui mambo. Kwenye harusi, anayefika wa kwanza huwa nani?"

Kifaru alifikiri. Kufikiri kwake kulisikika mpaka nyuma ya foleni: mmm, mmm.

"Wapishi," alisema.

"Wakifuatiwa na?"

"Wapanga viti. Wapiga ngoma."

"Na mgeni rasmi, je?"

"Mgeni rasmi huja mwisho. Watu wakishakaa. Wakishachoka kabisa."

"Haya. Mimi sina la kuongeza."

Kifaru alitazama lango. Akautazama mguu wake uliokwisha kuingia langoni. Akauchomoa kama umeguswa na moto.

"Nungunungu! Futa jina langu!"

"Maji ya zambarau hayafutiki, mzee."

"Basi liandike tena, ukurasa wa mwisho! Mimi naingia wa mwisho!"

Bi Kiboko alikuwa amesimama nyuma yake, akasikia. "We, we, we! Nani wa mwisho?"

"Mimi. Mkubwa huingia wa mwisho. Tangulia, bi mkubwa."

"Nitangulie, mimi nimekuja kupika? Tangulia wewe!"

"Sitangulii!"

Wakaanza kurudi nyuma, huyu akimzunguka yule, kila mmoja akitaka mgongo wa mwenzake uwe mbele yake. Watu wadogo wakaanza kuchekea mikononi.

Lakini msishangilie mapema. Mzee Tembo alikuwa bado. Akanyanyua mkonga, akatoa sauti: paaaaah!

"Mimi sipendi maneno mengi," alisema. "Nimekuja kuteleza na nitateleza. Wa kwanza au wa mwisho, Tembo ni Tembo. Nungunungu, andika. Mimi na ukoo wangu. Digidigi, toka mguuni pangu."

Bi Digidigi akapiga hesabu. Tembo arobaini, na vyeo vyao! Chiku angeolewa hajapanda gurudumu.

Akatoka mguuni. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Karibu, Mzee Tembo. Ingia. Pole tu kwa ukimya."

Mguu wa Tembo ukabaki hewani. "Ukimya gani?"

"Huo wa ndani. Sikiliza."

Wote wakasikiliza. Kutoka ndani ya bustani ilisikika sauti moja tu: shemeji mmoja wa Nyati alikuwa anacheua.

"Nani atasimama ukiingia, baba? Nani atakupigia vigelegele? Nyati? Nyati hata harusini kwao huwa wanatafuna tu."

Masikio ya Tembo yakapiga: pwa, pwa. "Nitaingia hivyohivyo."

"Sawa kabisa. Halafu watu watajaa. Halafu, jua likikaribia kuzama, ataingia Mzee Kifaru. Makofi, vigelegele, ngoma. Na wewe, baba, kwa vile utakuwa umeshakaa, itabidi usimame umpokee."

"Nisimame? Nimpokee Kifaru?"

"Ndiyo desturi, baba. Si mimi niliyeitunga."

Kifaru, kule nyuma, akavimba shingo kwa raha. Huko kuvimba ndiko kulikommaliza Tembo. Akaurudisha mguu chini, gudu!

"Haiwezekani! Waingie kwanza wa kupiga makofi!"

"Wangapi, mzee? Watatu wanatosha?"

"Watatu? Mimi, makofi ya watu watatu?"

"Kumi?"

"Unanitukana! Waingie wote! Wote, haraka!"

"Na daftari?" aliuliza Nungunungu, akijipapasa mgongo.

"Daftari gani! Andika mstari mmoja: wapiga makofi. Sababu ya kuja: kumngoja Mzee Tembo. Fungua lango!"

Pwacha! "Uuwi!" Mwiba mmoja tu, watoto wangu. Foleni iliyokwama sikukuu nne mfululizo, ikaisha kwa mwiba mmoja! Sasa niambieni, kumbe ilikuwa inawezekana muda wote?

Lango likafunguliwa, kreee! Watu wadogo wakamiminika: Pimbi, Nguchiro, Kanga, Sungura, hata Kobe akakimbia, au alivyoita yeye kukimbia. Tembo na ukoo wake wakarudi nyuma kuwapisha.

Bi Digidigi hakuaga mtu. Alimnyakua Chiku, tiki tiki tiki, mpaka chini ya gurudumu, kwenye fimbo.

"Simama hapa," alisema Twiga.

Chiku akasimama. Kwa furaha masikio yakamsimama, na lile shungi la nywele utosini likasimama nalo.

"Amepita," alisema Twiga.

"Hajapita! Hayo ni masikio!" Bi Digidigi alimrukia mtoto wake. "Laza masikio, wewe!" Masikio yakalala. Shungi likakataa. Mama akaliramba, likainuka. Akaliramba tena, akalikandamiza kwa kidevu, likalala.

Twiga akateremsha shingo, taratiiibu, akafumba jicho moja.

"Unywele mmoja," alisema. "Ungekunywa uji asubuhi, usingepanda."

"Mbona nilikuny..."

"Nyamaza, upande!" alisema mama yake.

Wiiiuu! Kikapu kikapaa. Chiku akapiga yowe, likawa kicheko, kikawa yowe tena. Migunga ikawa chini yake kama majani ya mchicha. Chini, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, miguu ya Bi Digidigi ikatulia.

"Mamaaa!" Chiku aliita kutoka juu. "Wazee wanasukumana!"

"Wanasukumana kuingia?"

"Hapana! Wanasukumana kwenda nyuma!"

Na kweli. Kule nje kila mmoja alikuwa anamkaribisha mwenzake kwa adabu ya kutisha.

"Tangulia, Mzee Kifaru, mwenzangu."

"Siwezi kukutangulia, Mzee Tembo. Tangulia wewe."

"Bi Kiboko, wanawake kwanza!"

"Leo ndiyo mmekumbuka? Tokeni hapa!"

Tembo akarudi hatua mbili, ukoo wake nao. Kifaru akarudi tatu. Kiboko akarudi nne. Wakarudi na kurudi, mpaka lango likaonekana kwao dogo kama tundu la panya. Ndani wapiga makofi walikuwa mtelezoni, kwenye kamba, kwenye vikapu, na hakuna aliyekumbuka kazi aliyoandikiwa.

Jua likagusa kilima.

Pap!

"Ngoja!" Wakubwa watatu wakaja mbio, gudu gudu gudu, wakagonga pua zao langoni. "Ngoja! Sisi hatujaingia!"

"Nimewangoja mchana kutwa," alisema Nungunungu, akifunga kichupa cha zambarau. "Sheria ni sheria. Sikukuu ijayo, wazee wangu, wahini mapema."

Kifaru akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Tembo.

"Mapema?" alisema Tembo kwa sauti ndogo. "Kama wapishi?"

Wakaondoka, na hata njiani walichelewa kufika nyumbani, maana hakuna aliyekubali kutangulia.

Hadithi yangu imekwisha, nanyi mliosimama kaeni, na neno lake ni hili: anayeruka foleni kwa ukubwa wake, ukubwa huohuo ndio utakaomwacha nje ya lango.