Mbwa Asiyekuwa na Haraka

Paukwa!

Pakawa!

Mnajibu kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, mnyama akiulizwa anajibu, palikuwa na jumbe akiitwa Mwinyikondo. Alikuwa na uwanja mkubwa wa nyasi, si wa kulisha ng'ombe, wa kuchezea gofu. Mchezo wenyewe ni kupiga kijipira kwa fimbo mpaka kitumbukie shimoni, kisha unakitoa, unapiga tena. Shibe ina mambo.

Mabata bukini wakauona uwanja. Wakala nyasi, wakanya kila mahali. Siku moja jumbe akateleza mbele ya wageni wake, akaanguka chali, kilemba kikaingia kinyesini. Akamwita Shuwari, mbwa wake wa kuswaga mifugo.

"Kesho jua likizama nikamkuta bukini hata mmoja, wewe chakula cha mamba. Na ukimng'ata hata mmoja, chakula cha mamba vilevile. Mbwa aliyeonja bata ataonja na kuku wangu."

Shuwari mkia ukamwingia tumboni. Mbwa wa ukoo wake hawang'ati tangu enzi za bibi zao. Kazi yao ni macho: wanamkodolea mnyama mpaka akimbie. Bukini hawakulijua hilo. Siku wakilijua, kwisha.

Kulipokucha akaingia uwanjani. Akalala, akatambaa, akakodoa. Bukini wakaruka, puruu! Wakatua ng'ambo. Akawafuata. Akalala, akatambaa, akakodoa. Puruu! Wakatua walikotoka. Mara ya tatu akalala, akatambaa, akakodoa. Wakaruka wote ila mmoja, Shingo, dume lao kubwa.

Shingo akasogea mpaka mdomo ukagusa pua ya mbwa.

"Mama Macho, mimi huyu hapa. Ng'ata tuone."

Wenzake wakatua kandokando, wakaangua kicheko. "Kibogoyo! Kibogoyo huyo!"

Shuwari akapiga hesabu. Aking'ata, mamba. Akiondoka, mamba. Basi akabaki amelala palepale, macho kwa Shingo.

Shingo akadonoa nyasi, akageuka. Macho yale. Akanywa maji, akageuka. Macho yale. Akajaribu kusinzia, akafumbua jicho. Macho yale. Jua likapanda, likapinduka, na wenzake hawakucheka tena.

"Mbona huning'ati?" Shingo akauliza.

"Sina haraka."

"Utaning'ata lini basi?"

"Wewe kula, unenepe. Sina haraka."

Manyoya yakamsimama Shingo. "Jamani, huyu anatufuga!" Puruu! Wakaruka wote, wakaenda, mawingu yakawameza.

Jumbe akaja jua likiwa linazama, fimbo mkononi. Akatazama huku, akatazama kule, akacheka.

"Bukini wamekwisha. Basi na mbwa wa nini tena? Mlaji wa bure tu. Kesho mamba watashiba."

Tishio la jana lilikuwa halijamtoka Shuwari, na sasa limekuja la kesho. Akalala, akatambaa, akakodoa.

"Toka hapa!"

Macho yale.

"Shuwari, mwanangu, si nilikuwa nakutania? Unataka nini?"

"Sina haraka, Jumbe."

Jumbe akaangusha fimbo. Akarudi kinyumenyume mpaka nyumbani, akafunga mlango, akatia komeo, akasukumia na kinu. Usiku kucha akasikia kitu kinapumua barazani, taratibu.

Jumbe hakutoka tena; uwanja ukaota magugu, mashimo yakakaliwa na panya. Na hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa jumbe. Atakayebanwa na mkojo aende peke yake, mimi sitoki.