Jicho la Kushoto la Binti Radi

Ndugu zangu, nimeziona nyuso zikikunjamana mara tu nilipotaja kwamba mfano wa leo ni wa mtu mwenye sanamu arobaini nyumbani kwake. Zikunjueni. Hakuzisujudia, wala hakuzifukizia ubani. Alizipangusa vumbi tu, kila Jumamosi, kwa brashi laini, moja baada ya moja, kama mama anavyomfuta uso mtoto aliyesinzia.

Mtu huyo alikuwa fundi wa meno ya bandia katika mji wa Morogoro. Tangu asubuhi hadi alasiri alichonga, akasugua, akatia rangi, mpaka jino la kutengenezwa likakaa kinywani mwa mtu na hata mkewe asilitambue. Naye, ambaye riziki yake yote ilitoka katika bandia, akifika nyumbani hakuvumilia kuona bandia. Mnacheka. Chekeni taratibu, maana tuko njiani kuja kwenu.

Sanamu zake zilikuwa za wahusika wa katuni za Kijapani, zile ambazo watoto wenu huziita anime: wapiganaji wenye panga ndefu kuliko wao, mabinti wenye nywele za rangi ya fedha, joka moja lililovaa miwani. Hakuna iliyozidi shibiri moja kwa kimo, na hakuna isiyokuwa na kisa chake. Hii aliipata mwezi alioajiriwa. Ile aliinunua siku ya tatu baada ya kumzika baba yake, kwa sababu mikono yake haikujua pa kwenda. Na zote, kama alivyopenda kusema, zilikuwa orijino. Ukimletea sanamu, aliigeuza juu chini akautazama wayo, akainusa rangi, akapitisha ukucha kwenye mshono wa bega, kisha akatoa hukumu. Hukumu yake haikuwa na rufaa.

Mapenzi haya yalianza mbali. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake wa kike ana sita, walikuwa wakienda kwa jirani mwenye video. Jirani alikuwa na kanda moja tu ya katuni, nayo ilizungumza Kijapani kitupu. Basi kaka akawa mkalimani.

"Anasema nini?" mdogo wake humwuliza, huku akimvuta shati.

"Anasema, ewe joka, niachie daraja nipite, mama yangu yuko ng'ambo."

"Na joka je?"

"Joka linasema, nenda kwanza ukaoge."

Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Yule msichana mwenye upanga, ambaye jina lake la Kijapani hawakulijua, kaka alimwita Binti Radi. Lakini kanda ile ilikuwa imekatika. Kila siku picha ilifutika Binti Radi akiwa ameweka mguu mmoja tu juu ya daraja. "Atavuka lini, kaka?" Na kaka, akimfunga mdogo wake kamba za viatu, hujibu, "Kesho."

Miaka ikapita. Mdogo mtu akasoma, akawa mwalimu, akapata mshahara wake wa kwanza. Siku ya kuzaliwa kaka yake akaja na boksi lililofungwa karatasi ya maua. Ndani yake alikuwemo Binti Radi mwenyewe, na upanga wake, na mguu mmoja mbele. Sasa niwaulize ninyi: kaka alipomtoa Binti Radi boksini, alimtazama nani kwanza? Alimtazama dada yake? La, ndugu zangu. Alitazama wayo. Akainusa rangi. Akapitisha ukucha begani.

"Hii feki," alisema kwa upole, kama daktari anayetoa majibu. "Walikuuzia wapi?"

"Sokoni, kaka."

"Wamekupiga. Tazama hili jicho la kushoto. Kiwandani hawapaki hivi."

Dada alilitazama jicho. "Kumbe," akasema. "Basi wewe ndiye mjuzi." Akainuka, akaenda kumsaidia mama yao kuosha vyombo.

Laiti ingeishia hapo. Lakini wapenzi wa sanamu hizi wana kundi lao la simu, na mjuzi bila wanafunzi ni kama kengele bila ulimi. Kaka akaipiga sanamu picha, akalizungushia jicho la kushoto duara jekundu, akaandika chini yake: *Jifunzeni, ndugu. Jicho hili limepakwa na mtu asiyejua kushika brashi.* Watu mia tatu wakacheka. Picha ikatoka kundi hili ikaingia kundi lile, maana picha ya simu haina mlango wa kubisha. Na sanamu yenyewe akampelekea mwenzake mmoja wa Dodoma, mtu aliyeweka sanduku la feki za kuwafundishia wageni wa kazi ile.

Tangu mwaka ule zawadi zikakoma. Kila siku ya kuzaliwa kwake, simu ya kaka ililia mlio wa pesa kuingia, na ujumbe ukafuata: *Kaka, ujinunulie mwenyewe unachokijua.* Mwaka wa kwanza alifurahi. Mwaka wa pili alinunua. Mwaka wa tano aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama mbele ya rafu yake, akahisi njaa isiyotaka chakula. Dada alikuwa ameolewa Iringa. Walisalimiana kwa simu kila Jumapili: shikamoo kaka, marahaba, watoto hawajambo, hawajambo. Kisha simu hukatwa. Mtoto aliyekuwa akimvuta shati na kumwuliza anasema nini, sasa hakumwuliza neno.

Siku moja alikwenda kwa mama yake, akamkuta uani anapepeta mchele, akamlalamikia.

"Mama, mwanao kanisahau. Hata leso haniletei. Ananitumia pesa kama anayelipa umeme."

Mama hakuusimamisha ungo. "Akuletee nini, baba? Akuletee uzungushie duara?"

"Duara gani?"

"Lile jekundu. Alinionyesha kwenye simu. Jicho lile alilipaka yeye, mwanangu. Hapo hapo kwenye hicho kigoda ulichokalia. Kile kidude alikipata sokoni kimebaki kimoja tu, na jicho moja limefutika. Akasema, mama, nisipompelekea huyu simpati mwingine. Akakaa jua zima. Alikuwa akizuia pumzi mkono usitikisike, mimi nikamwambia, we mtoto, pumua, utanifia hapa." Akapuliza makapi. "Ndipo ulimwengu mzima ukaambiwa kuwa hajui kushika brashi."

Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa na macho yaliyosifiwa mji mzima. Na macho yale yalikuwa yamesoma kila kitu juu ya jicho lile, isipokuwa mkono uliolipaka.

Asubuhi yake alishika njia ya Dodoma. Akaingia kwa yule mwenzake, akaomba arudishiwe feki yake.

"Hiyo?" mwenzake akashangaa. "Ndugu yangu, wenzako hulia wakiuziwa feki, wewe unaililia kwa kuikosa? Na hii ndiyo mwalimu wangu mkuu. Jicho lake halina mfano."

"Najua halina mfano."

"Basi nipe kitu."

Akafungua mkoba, akatoa joka lenye miwani, lililoipamba rafu yake kuliko sanamu zote, ambalo watu walisafiri kuja kulitazama. Mwenzake aligeuza wayo, akainusa rangi, akaketi chini.

"Hii orijino," akasema, na sauti yake ikapungua. "Unaumwa?"

"Ndiyo," fundi akajibu, akamchukua Binti Radi.

Iringa alimkuta dada yake barazani, amezungukwa na madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi.

"Shikamoo, kaka. Hata simu hukupiga."

"Marahaba. Nilichelea utaniambia nisije."

Akamweka Binti Radi juu ya madaftari. Dada aliifunika kalamu yake, akaitazama ile sanamu. Rangi ya jicho la kushoto ilikuwa imeanza kupauka.

"Brashi sikuwa nayo," alisema. "Nilitumia kijiti cha kibiriti. Nilikichonga kwa wembe."

"Mama kaniambia."

"Basi umeleta nini? Pole?"

"Sikuleta kitu. Nimekuja unipe tena." Mtu huyu mwenye ulimi wa hukumu alitafuta maneno kama anayetafuta sindano gizani. "Nipe kama siku ile. Safari hii nitaipokea."

Dada aliiweka kalamu chini. Akauliza, "Kaka, zile katuni za kwa jirani. Ulikuwa unajua Kijapani?"

Fundi akainamisha kichwa. "Hata neno moja."

"Nilijua," dada akasema. "Tangu siku ya pili. Siku ya kwanza joka lilisema nenda kaoge. Siku ya pili, pale pale, likasema nenda kanunue mafuta ya taa. Nilikuwa na miaka sita, si mjinga." Akaipangusa sanamu kwa ncha ya kanga. "Yalikuwa feki yote, kaka, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nikakaa nikasikiliza. Ningetaka nini zaidi? Ulikuwa unanitungia mimi."

Hapo, ndugu zangu, hapakuwa na duara wala hukumu. Fundi alilia bila sauti. Dada akainuka, akamchukua Binti Radi, akampeleka ndani, akamsimamisha katika kabati la vyombo, kati ya bilauri za wageni. Akarudi na chai.

Wakati wa kuondoka ulipofika, fundi alisimama mlangoni. "Utanipa lini?"

Dada alimtazama. Akainama, akaikung'uta suruali ya kaka yake vumbi la njiani, kama kaka alivyokuwa akimwinamia yeye alipomfunga kamba za viatu.

"Kesho," akasema.

Fundi alilijua neno lile. Yeye ndiye aliyelitunga. Alijua kwamba kesho ile haimo katika kalenda, na alijua pia kwamba hasemi kesho mtu aliyekwisha kukataa. Akarudi Morogoro. Pale lilipokuwa limesimama joka lenye miwani aliacha wazi, na kila Jumamosi hupapangusa vumbi kwa uangalifu kuliko kwingine kote. Wageni humwuliza, hapa pana nini? Naye huwaambia, hapa pana zawadi, haijafika.

Mnataka kujua kama ilifika. Mimi pia. Lakini mfano hausimuliwi ili tumjue fundi. Husimuliwa ili tujijue sisi.

Sisi tuna vioo vya kukuzia mifukoni. Mke kapika kwa mgongo unaouma, nasi tunasema chumvi imezidi. Mume kanunua kitenge, masikini hajui rangi, nasi tunauliza, walikuuzia wapi. Mtoto katuchora, katupa vidole saba, nasi tunahesabu vidole. Kuna mwenzetu alisimama hapa juma lililopita akaomba sala, akachanganya maneno, na nje ya mlango huu niliwasikia baadhi yenu mkiirudia kwa kicheko. Mliyasikia makosa. Je, mliusikia mkono wake ukitetemeka juu ya benchi? Mchagua nazi, wahenga walinena, hupata koroma. Nami nawaongezea kwamba mchagua zawadi hupata ujumbe mfupi: ujinunulie mwenyewe unachokijua.

Na sala zetu sisi tunaojua kusali? Tunafumba macho tukamwambia Mungu, nakupenda kuliko vyote, na nusu ya akili iko sokoni. Tunamwambia, mapenzi yako yatimizwe, na ya kwetu tumekwisha kuyapanga. Tunasimulia mambo ya mbinguni kwa lugha ambayo hatujui hata neno lake moja. Mnadhani hajui? Amejua tangu siku ya pili. Naye amekaa, anasikiliza, wala hajawahi kutuzungushia duara.

Basi mkitoka hapa mnarudi majumbani, na majumbani mtapokelewa na vitu vyenye jicho moja baya. Kabla ulimi haujainuka, kabla hamjageuza wayo na kunusa rangi, ulizeni neno moja tu, tena mliulize kwa sauti ya chini: ni nani aliyezuia pumzi akilipaka?