Vitabu Safi vya Bi. Ismelda

Katika shule moja ya sekondari ya Dangriga, mji wa pwani, palikuwa na maktaba iliyokuwa na jina kubwa kuliko vitabu vyake. Vilivyokuwamo vililetwa kwa mapipa na wafadhili wa makanisa ya ng'ambo: ensaiklopidia zilizokosa juzuu tatu, miongozo ya kufuga mbwa wa nchi za theluji, na ramani za mataifa yaliyokwisha kufa. Wanafunzi waliingia humo mvua ikinyesha na kutoka mvua ikikatika.

Bi. Ismelda Nolberto alipokabidhiwa ukutubi, aliapa kwamba kila mtoto atakayevuka kizingiti cha chumba kile atajikuta kitabuni. Nia ilikuwa njema, na hilo hakuna aliyewahi kulipinga. Shuleni hapo walisoma Wagarifuna, Wakrioli, Wamaya kutoka vijiji vya milimani, Wamestizo wa mashamba ya machungwa na watoto wa Wachina wenye maduka. Bi. Ismelda aliliandikia barua shirika moja la ng'ambo, nalo likamletea vitabu mia mbili kwa orodha yake lenyewe. Yeye hakuchagua hata kimoja, na wanafunzi ndio kabisa hawakuulizwa.

Alivipanga kwa makabila. Rafu tano zikapata vibao vitano, kila kibao na rangi yake, na ya sita, ya wenye ulemavu, ikawekwa karibu na dirisha. Vitabu vilikuwa vipya, vyenye majalada ya kung'aa. Maktaba ikapendeza kama sebule ya watu wasio na watoto.

Palikuwa na vitabu vingine pia, vichache, vilivyookotwa huku na huko: mwongozo wa kutengeneza injini za boti, kitabu cha kusuka nywele, kijitabu cha vichekesho vya wawindaji wa Kikekchi, kabila mojawapo la Wamaya, kilichochapishwa na parokia, na hadithi ya picha ya golikipa kiziwi ambaye hakuna mkwaju uliompita. Hivyo vilikuwa vimechakaa, vingine havina jalada. Bi. Ismelda alivionea haya. Alivitia katika sanduku, akalisukumia stoo, na wanafunzi walipovililia aliwaambia wajichukulie wenyewe huko huko, mradi wasivilete mbele ya wageni. Katika daftari lake la kuazimia hakuviandika.

Baada ya hapo kazi ikawa kuvinadi vile vipya. Alibandika mabango mpaka mlango wa choo cha walimu. Alivitangaza kila Jumatatu kwenye paredi. Aliahidi kalamu kwa kila atakayesoma vitatu, na kalamu zikabaki kwenye boksi lake. Mwishowe alivitia kapuni akavitembeza darasa hadi darasa, na wanafunzi, ambao walikuwa na adabu, walivipokea, wakavigeuza, wakamrudishia. Mwaka ulipokwisha daftari lilionyesha vitabu kumi na kimoja vilivyoazimwa, na vinne kati ya hivyo aliazima mwenyewe.

Siku moja alimwita Petrona Tiul, Mkekchi wa kidato cha nne, msichana mwenye maneno machache na yaliyonyooka.

"Petrona, mbona husogelei rafu yako?"

"Rafu yangu ipi, Mwalimu?"

"Ile ya kijani. Ya Wamaya."

"Nikisimama pale darasa zima linanitazama kama nimepanga foleni ya zahanati. Halafu vitabu vyenyewe, Mwalimu, kila ukurasa msichana anaambiwa ajivunie alivyo. Mimi mbona nilikuwa najivunia tu, mpaka nilipoanza kusihiwa."

"Unataka nini, basi?"

"Kile cha injini za boti. Nasubiri."

Bi. Ismelda alisonya. Aliona mtoto huyu hajui kinachomfaa, akaongeza bango jingine.

Mwanzoni mwa Novemba, ngoma za sikukuu ya Wagarifuna zikiwa zimeanza kujaribiwa kila kona ya mji, ilikuja habari iliyomkata maini. Shule ilikuwa imeahidiwa vyerehani ishirini na havikuwa na pa kukaa. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Leopold Usher, angekuja kukagua maktaba. Akiona haina wasomaji, chumba kingekuwa cha ushonaji, vitabu vingetiwa makasha, na Bi. Ismelda angerudi kufundisha upigaji chapa, kazi aliyoichukia tangu ujana wake. Usiku ule hakula. Asubuhi alifuta vumbi rafu zote sita, akalisukuma lile sanduku ndani zaidi na kulifunika kwa pazia kuukuu.

Bwana Usher alikuwa ofisa forodha mstaafu, mzee wa Kikrioli mrefu, asiye na haraka. Hakusoma vibao wala hakutazama mabango. Alitoa kitabu kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye kingo za kurasa, akakirudisha. Akatoa cha pili, cha tatu, cha ishirini. Kingo zote zilikuwa nyeupe pe. Kisha akafungua kimoja katikati, na gundi ya mgongo ikalia.

"Umesikia, Bi. Ismelda? Hiki ndiyo kwanza kinazaliwa."

"Tunawafundisha wanafunzi kutunza vitabu, Bwana Mwenyekiti."

"Mama, miaka thelathini na mmoja nimefungua mizigo bandarini. Uliofunguliwa naujua, na ambao haujafunguliwa naujua. Huu haujafunguliwa."

Bi. Ismelda aliwaza mwaka mzima wa mabango na kapu, akaona aibu kubwa, na chini ya aibu ile palikuwa na huzuni, kwa sababu alikipenda chumba kile kwa dhati.

Mzee alikuwa amekwisha kuchomoa kalamu mfukoni mlango uliposukumwa. Aliingia Wilfrid Arana wa kidato cha pili, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Mwalimu, nimekileta cha injini."

"Rudi baadaye, Wilfrid. Tuna mgeni."

"Nikikichelewesha nimekwisha, Mwalimu. Leo ni zamu ya Petrona, na yuko hapo nje ananisubiri kama askari wa trafiki."

"Kilete hapa, kijana," alisema Bwana Usher.

Gazeti lilifunguliwa. Kingo za kitabu zilikuwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Kurasa zilinuka mafuta, na katika sura ya kabureta gamba la samaki lilikuwa limebanwa na kukauka. Mzee alipitisha kidole gumba, akakitazama kilivyochafuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta kiti akaketi.

"Viko vingine vya namna hii?"

Bi. Ismelda angeweza kusema havipo. Lakini Wilfrid alikuwa amekwisha kuutazama mlango wa stoo, na Petrona, aliyeingia nyuma yake, alikuwa akimtazama mwalimu wake.

"Vipo," alisema Bi. Ismelda. "Nilivificha. Niliona haya."

Wakaingia stoo. Nyuma ya mlango, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kutazama, ilikuwa imebandikwa karatasi ndefu yenye hati ya Petrona: kila kitabu na foleni yake. Wagarifuna, Wamaya, Wachina na Wakrioli walikuwa wamefuatana humo bila mpangilio, kama watu kwenye duka la mkate. Vichekesho vya Kikekchi vilikuwa na wasomaji thelathini na wawili, na Wakekchi kati yao walikuwa watano tu. Waliobaki walifasiriwa na Petrona wakati wa chakula cha mchana. Golikipa kiziwi alikuwa amesomwa na timu nzima ya mpira, pamoja na kocha.

Mzee alishusha miwani. "Huyu Huang, mtoto wa duka la kona, anataka nini na kusuka nywele?"

"Dada yake anafungua saluni," alijibu Petrona. "Yeye anajifunzia vichwani mwetu."

"Na wewe, mtu wa mlimani, injini ya boti ya nini? Kwenu hata mtumbwi hakuna."

"Mashine ya kusaga mahindi ya kijijini ni ukoo mmoja nayo, mzee. Inakohoa tangu Pasaka."

Bwana Usher alimgeukia mkutubi. "Bi. Ismelda, nimewakamata wengi wanaoficha magendo. Anayeficha mali halali, nakuona wewe wa kwanza."

Petrona na Wilfrid walicheka, na Bi. Ismelda, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka pia. Kisha alitoka stoo, akapanda kiti, akaving'oa vibao vyote sita, kimoja kimoja, bila kusaidiwa. Wiki ile vitabu vilipangwa upya kwa habari zilizomo: mpira na mpira, mizimu na mizimu, mapenzi na mapenzi. Vile vichafu vilikaa mbele kabisa, palipokuwa na mabango. Hata vichache kati ya vile safi, vilipochanganyika na wenzao, vilianza kuchafuka. Vingine vimebaki vyeupe mpaka leo.

Lakini siku ile ya ukaguzi shauri la chumba lilikuwa bado halijakatwa. Mzee alisimama na kitabu cha injini mkononi, akionekana hana mpango wa kukiachia.

"Boti yangu haijanguruma tangu Agosti," alisema. "Naomba kukiazima."

Petrona alipitisha kidole kwenye karatasi. "Kila mtu wiki moja. Wewe utakuwa wa tisa, mzee."

"Binti, mimi ni mwenyekiti wa bodi."

"Ndiyo, mzee. Nimeandika: Bwana Usher, mwenyekiti wa bodi, wa tisa." Akakichukua kitabu kutoka mkononi mwake, kwa adabu zote.

Bwana Usher alihesabu majuma kwa vidole, akafika Januari. Akafungua faili lake, akaandika kwamba vyerehani vitafutiwe chumba kingine. Ripoti haikutaja bango hata moja, wala kapu, wala kalamu za zawadi, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza.